Hodhi la Kileleshwa

Mama alivunjika nyonga asubuhi ya mvua akitoka kuoga. Boma letu la Uthiru baba alilijenga zamani, wakati choo na bafu vilikuwa vya nje, kwa hiyo bafu lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya zizi la ng'ombe. Kutoka mlango wa jikoni hadi pale kulikuwa na hatua arobaini hivi za udongo mwekundu, na mvua ikinyesha udongo huo huteleza kama sabuni. Mama alikuwa ameipita njia hiyo zaidi ya miaka thelathini. Siku hiyo ilimshinda.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa nimerudi kuishi na mama baada ya ndoa yangu kunishinda. Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja katikati ya jiji. Ndugu yangu, kifungua mimba wetu, aliishi Kileleshwa katika nyumba ya ghorofa aliyokuwa ameinunua, na alikuwa na cheo kikubwa kazini. Alikuja kumwona mama hospitalini mara mbili, akiwa amevaa tai, na mara zote mbili aliondoka akitazama saa.

Mama alirudi nyumbani akitembea na fremu ya chuma. Kuogea nje hakungewezekana tena. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, nilichemsha maji, nikaingiza karai chumbani kwake, nikamwogesha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alijifunika uso kwa leso muda wote huo, kana kwamba asiponiona mimi, nami sitamwona. Mimi ni binti wa pili, nimepewa jina la mama yake mzazi kama desturi yetu inavyotaka, na maisha yake yote alikuwa akiniita "mama". Siku moja nilimwambia kuogeshwa na mama yako si aibu. Nilitaka acheke. Alivuta leso akajifunika zaidi.

Hapo ndipo nilipoamua kumjengea bafu ndani ya nyumba.

Kando ya chumba chake kulikuwa na stoo ambamo tuliweka magunia ya mahindi na vyombo vya baba vya useremala. Niliiondolea vitu vyote. Hospitalini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimfundisha mama kutembea upya, nikamwomba anieleze bafu la mtu wa namna hii linatakiwa liweje. Aliniambia mambo ambayo nisingeyafikiria. Sakafu isiwe na kizingiti hata kidogo. Vigae viwe vya kukwaruza, vile visivyoteleza vikilowa. Kuwe na kiti na chuma cha kushikilia ukutani. Mlango uwe mpana wa kupitisha fremu, tena ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio utakaouzuia usifunguke. Hilo la mwisho liliniingia mwilini kama baridi.

Jumamosi moja nilichukua chaki nikachora bafu lote kwenye sakafu ya stoo: hapa shawa, hapa choo, hapa kiti. Mama aliingia na fremu yake akaketi kwenye kiti cha jikoni katikati ya mistari yangu. Nikamwambia anyooshe mkono kana kwamba anataka kuinuka. Pale kiganja chake kilipogusa ukuta, nikaweka alama. Tulirudia mara nyingi, kwa sababu alisema mkono wa asubuhi na mkono wa jioni si mmoja, wa jioni huwa umechoka. Siku hiyo alicheka. Alijifanya anafungua maji, akajipaka sabuni ya hewa mabegani, akaniambia nitoke nje nisimwone. Nikatoka, nikasimama kwenye korido nikicheka peke yangu.

Fundi nilielekezwa na mwenzangu wa kanisani. Alikuwa mtu wa makamo aliyeishi upande wa Dagoretti, mpole, mwenye penseli sikioni. Aliangalia mchoro wangu niliouhamishia nyuma ya kalenda, akaniuliza maswali ya maana, akapima upana wa fremu mwenyewe. Vigae nilivinunua mimi, saa ya chakula cha mchana, baada ya kuzunguka maduka ya katikati ya jiji karibu wiki nzima. Nilikuwa nikiingia dukani, namwomba muuzaji anilowanishie kigae kimoja, navua kiatu, nakikanyaga. Walinicheka. Mwishowe nikapata vyenye rangi ya udongo uliochomwa, vyenye vidoti vidogo vidogo vilivyoinuka. Nilikanyaga, nikasukuma mguu, na mguu ukakataa kwenda. Nikanunua.

Kazi ilipokuwa imefika kwenye mabomba, ofisi ilinituma Nakuru kwa mafunzo ya siku tano. Nilimwacha mama na jirani yetu, mama mmoja mwaminifu aliyekuwa akimpikia na kumwangalia mchana. Nilimwachia fundi kila kitu: mchoro, vigae, chuma cha kushikilia kikiwa bado kwenye karatasi yake. Kila jioni nilipiga simu. Mama alisema kazi inaendelea vizuri, nirudi nione.

Nilirudi Ijumaa mchana. Niliweka mkoba chini kwenye korido, nikafungua mlango wa stoo. Ulifunguka kwa ndani.

Sakafu ilikuwa nyeupe na iking'aa kama sahani. Ukutani hapakuwa na chuma. Na mahali pa shawa na kiti palikuwa na hodhi la kuogea, lile beseni refu jeupe la chuma ambalo mtu hulala ndani yake, kuta zake zikinifika juu ya goti. Ili aoge, mama yangu mwenye vyuma kwenye nyonga angelazimika kuinua mguu kama anayeruka ua.

Mama alikuwa nyuma yangu kwenye fremu. Nilimwuliza ni nani aliyefanya hivi, ingawa nilishajua. Akasema, "Baba ameniletea. Si ni zuri?"

Lazima nieleze neno hilo, "baba". Ndugu yangu ana jina la babu yetu, baba yake baba. Kwa desturi yetu, kwa mama yeye hakuwa mtoto wa kawaida. Alikuwa mkwe wake, baba wa mume wake, aliyerudi. Tangu akiwa mchanga mama alimwita baba, akamtengea paja la kuku, na sijawahi kumsikia akimpandishia sauti. Angemletea mawe ayale, angeuliza chumvi iko wapi.

Nilimpigia ndugu yangu simu nikiwa nimesimama pale pale. Alinieleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. Binti yake alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa waje na mahari baada ya siku kumi, waje hapo hapo Uthiru kwa kuwa ndiko kwenye boma la babu yake. Alikuwa amepita Jumatatu kukagua, akaona mchoro wangu na kile chuma, na akashtuka. "Ulitaka watu wa heshima waingie humo wakute nini?" alisema. "Choo cha hospitali?"

Nilimwuliza kama anajua maji Uthiru huja siku mbili kwa wiki, na kwamba hodhi lile likijazwa mara moja tangi linabaki tupu. Nilimwuliza mama ataingiaje. Akasema atasaidiwa. Sikumwuliza atasaidiwa na nani. Katika miezi yote ile hakuwa amebeba hata jagi moja la maji.

Nilitaka kupiga kelele, lakini mama alinishika mkono wa nguo. Aliniomba ninyamaze mpaka wageni waje na waende. Alisema nisimwaibishe baba mbele ya wakwe wake. Nikanyamaza. Nimemlaumu ndugu yangu kwa mengi, na nitamlaumu hadi nife, lakini kunyamaza huko ni kwangu mimi.

Wageni walikuja na shuka zao na kreti zao za soda. Bafu lilisifiwa. Nilikuwa jikoni nikipakua mokimo, na kila mara kulikuwa na mwanamke aliyerudi kutoka korido akimwambia mwenzake aende aone. Ndugu yangu alikaa sebuleni akisema mama hastahili taabu. Asubuhi yake nikachemsha maji, nikaingiza karai chumbani. Mama akachukua leso.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, jirani yetu alimwachia mama chakula cha mchana kwenye hotipoti, akampeleka mjukuu wake kliniki. Foleni ilikuwa ndefu, akachelewa. Mimi nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, chakula hakikuguswa, mama hayuko chumbani. Nikaita. Nikasikia mgongano wa chuma kwa chuma, polepole, kutoka kwenye bafu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Nilimwita, akajibu kwa sauti iliyokwisha, kama karatasi inayokunjwa. Alisema hawezi kuufikia. Nilikimbilia zizini nikachukua jembe, nikaupiga mlango mpaka ubao ukapasuka karibu na komeo, nikapitisha mkono.

Alikuwa ameketi ndani ya hodhi tupu, uchi, amejifunika taulo dogo la uso. Fremu ilikuwa imeangukia upande wa pili wa sakafu ile inayong'aa. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati, ndicho alichokuwa akikigonga ukutani mwa hodhi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa ameingia saa nne asubuhi. Alikaa ukingoni, akavusha mguu mmoja, akavusha wa pili, akaoga kwa kikombe, na alipotaka kuinuka hapakuwa na kitu cha kushika. Kila alipojaribu, aliteleza akarudi chini. Baada ya mara nyingi aliacha kujaribu, akaanza kuita, na sauti ilipoisha akaanza kugonga. Kwa muda wa saa saba nzima.

Sikuweza kumwinua peke yangu. Nilimfunika blanketi mbili, nikamletea uji wa moto, nikakimbia kuita majirani. Wanawake watatu tulimtoa. Alipofika kitandani, maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba nisimwambie baba, alitaka tu kujaribu, maana lilikuwa limekaa bure na lililetwa kwa upendo.

Nilimpeleka kwa daktari asubuhi yake. Hakuwa amevunjika mahali, ila kifua kilikuwa kimeshika baridi. Nilimlaza, nikamwomba jirani asiondoke, nikaenda Kileleshwa.

Sikuwa nimefika kwa ndugu yangu kwa karibu mwaka. Mke wake alinifungulia mlango, akanikaribisha chai, akasema mume wake anavaa, hajaenda kazini. Ni mwanamke mwema na sina neno naye. Nilimwomba kwanza ninawe mikono. Akanionyesha bafu, akasema nisishangae, wamelibadilisha majuzi.

Niliwasha taa. Hapakuwa na hodhi. Palikuwa na shawa ya wazi isiyo na kizingiti. Ukutani palikuwa na chuma cha kushikilia, kipya, kinang'aa. Na sakafuni, kutoka mlangoni hadi ukutani, vilikuwa vigae vya rangi ya udongo uliochomwa, vyenye vidoti vidogo vilivyoinuka.

Nilivua kiatu. Nilikanyaga, nikasukuma mguu, na mguu ukakataa kwenda.

Nilipotoka, kiatu mkononi, ndugu yangu alikuwa mezani na kikombe chake cha chai. Nilimwuliza vigae vile amevitoa wapi. Alitazama kikombe. Akasema vilikuwa vimekaa tu pale Uthiru kwa kuwa vyeupe ndivyo vilivyotumika, akaona visiharibike. Nilimwuliza hodhi lilitoka wapi. Mke wake ndiye aliyenijibu, bila kujua anachofungua. Alisema lilikuwa hapa hapa kwao, walilitoa kwa sababu ya goti la mume wake. Daktari alimwambia asiwe akiruka ukuta wa hodhi, ataumia.

Nilisema kwa sauti ya chini, kwa maana ningeipandisha ningelia, na sikutaka kumlilia.

"Ulilitoa kwako kwa ajili ya goti. Ukampelekea mama mwenye nyonga iliyovunjika. Jana amekaa ndani yake tangu saa nne mpaka saa kumi na moja, uchi, akigonga kikombe."

Alisema mama mwenyewe alikubali. Nilimwambia mama hajawahi kumkatalia kitu tangu azaliwe, na anajua sababu, na ameitumia sababu hiyo maisha yake yote. Akasema basi atatuma mtu alirekebishe, nimwambie tu inahitajika nini. Nikamwambia sitaki mtu, namtaka yeye. Aje Uthiru kesho, abebe maji, amwogeshe mama kwenye karai kama ninavyofanya mimi.

Alishtuka kweli. "Mwanamume hamwogeshi mama yake," alisema.

"Basi mwanamume asimchagulie bafu."

Nikavaa kiatu changu nikaondoka. Chai sikuinywa.

Fundi nilimpata kwa simu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, na nikayasema yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Madam, mzee alikuja akaniambia yeye ndiye mwenye boma. Mimi ni nani nimkatalie? Nilimwonyesha mchoro wako. Akaukunja akauweka mfukoni." Alisema chuma alikuwa ameomba akifunge kando ya hodhi, akakatazwa, na nacho kikapakiwa kwenye pikapu pamoja na vigae. Nilimwambia alipaswa kunipigia simu. Akasema kweli, alipaswa. Kwa hilo nilimsamehe nusu. Nusu nyingine ilikuja alipokataa malipo ya kazi ya pili.

Jumamosi ndugu yangu alikuja. Hakuja kuogesha mtu. Alikuja na suruali kuukuu na wanaume wawili, akakunja mikono ya shati, akashika upande mmoja wa hodhi. Walilitoa kwa shida, wakavunja kona ya ukuta, na lilipofika nje fundi akauliza liwekwe wapi. Likawekwa zizini. Ng'ombe alilinusa, akaanza kunywea humo, na katika boma lote ndiye aliyelifurahia.

Nilinunua vigae vingine vya aina ile ile na chuma kingine cha kushikilia, na safari hii sikuondoka. Niliomba ruhusa kazini, nikaketi korido kwenye gunia nikimtazama fundi akipanga kigae baada ya kigae. Mlango tuliupanua, tukaugeuza ufunguke kwa nje. Mchoro haukuwapo tena, lakini sikuuhitaji.

Ningependa kusema mama alinishukuru. Hakunisemesha kwa siku tisa. Habari ya kwenda kwangu Kileleshwa ilikuwa imemfikia. Kwake yeye nilikuwa nimeingia nyumba ya mkwe wake nikamtukana mezani, mbele ya mkewe. Alikula nilichopika, akanipa mgongo. Nilikasirika naye pia, tena sana. Nilikuwa nikikoroga uji nikiiambia sufuria maneno ambayo singeweza kumwambia yeye: kwamba mimi ndiye niliyepasua mlango.

Siku ya kumi aliingia bafuni na fremu yake, akafunga mlango. Nilikaa nje. Nilisikia maji yakifunguka, yakafungwa, yakafunguka tena. Alikaa sana mle ndani. Alitoka akiwa amevaa, kitambaa kichwani, ananukia sabuni, akanipita. Alipofika mlango wa chumba chake alisema bila kugeuka, "Mama, ule mkono wa jioni, hukuusahau." Hatukulizungumzia tena.

Aliishi miaka mingine minne, na hakuogeshwa na mtu hadi wiki yake ya mwisho.

Kwenye mazishi ndugu yangu alizungumza kwa niaba ya familia. Alisimama na karatasi yake mbele ya watu wote waliojaa bomani, akasoma mahali mama alipozaliwa, kanisa alilobatiziwa, watoto aliowalea. Kisha akaiweka karatasi chini, akasema kwa sauti iliyokatika kwamba kuna jambo moja linalompa faraja. Alisema mama alipoumia, yeye kama mwana alihakikisha amemjengea bafu la kisasa ndani ya nyumba, asitoke tena kwenye matope. Watu wakaguna kwa kumkubali. Mzee mmoja mbele yangu akaitikia kwa kichwa, akamwambia mwenzake, huyo ndiye mtoto.

Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Nilikishika kwa nguvu hata jalada likapinda.

Baada ya watu kuondoka nilimkuta kando ya tangi la maji akinawa udongo mikononi. Nilimwambia amesema uongo mbele ya jeneza la mama. Hakukasirika. Alionekana amechoka na amezeeka, akasema watu walitaka kusikia kitu, na kwamba nami nawajua watu walivyo.

Nilimwangalia akinawa. Halafu nikafunga bomba, kwa sababu alikuwa akiyamwaga maji na siku ya maji ilikuwa bado, nikaenda jikoni kuwasaidia wanawake kuosha sufuria.